Motokaa ya Urithi

Siku zile nilipokuwa seminarini, padri mmoja mwalimu wetu alizoea kutuambia kwamba mtu hajui moyo wake mpaka apewe kitu cha kutunza. Nami nilicheka kimoyomoyo, maana sikuwa na kitu ila sanduku la mbao na mashati matatu. Leo nina miaka thelathini na sita, nina mke na watoto wanne, tena nina motokaa. Ndiyo motokaa hiyo iliyonifundisha maana ya maneno ya padri yule.

Mwaka 2019 mjomba wangu alifariki. Alikuwa mchuuzi wa Butembo kama wengine wengi wa mji huu: alikwenda Kasindi mpakani kuchukua bidhaa, akarudi kuziuza sokoni. Watoto wake walirithi nyumba na duka. Mimi, niliyemwandikia barua zake na kumpeleka kwa waganga siku za ugonjwa wake, nikapewa motokaa.

Ni Toyota Nadia ya mwaka 1999. Kama motokaa nyingi za kwetu, ilianza maisha yake Japani, ikavuka bahari hata Mombasa, ikapita Kenya na Uganda, ikaingia Kongo kwa njia ya Kasindi. Usukani wake uko kuume, nasi katika Kongo twaendesha kwa upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Lazima yule aketiye kushoto amtazamie. Kwangu mimi kazi hiyo ni ya mke wangu. Yeye husema, «Ngoja, Papa,» ama, «Haya, pita.» Sijathubutu hata mara moja kupita kabla hajasema.

Kazi yangu ni kuwatembelea makatekista wa vijijini na kuwapa masomo, toka Butembo hata Beni, mwendo wa kilomita 54. Butembo iko juu milimani, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi yake ni baridi. Beni iko chini, nako kuna joto. Mapadri Waasumpsio walipofika nchi hii mwaka 1929, katekista alikwenda kwa miguu yake. Mimi nilikuwa nikienda kwa pikipiki ya kukodi, na mvua ikininyeshea mgongoni. Basi majirani waliponiona katika motokaa walisema, «Mwalimu amekuwa mtu mkubwa!» Nami, nisiwafiche, nilifurahi kusikia hivyo.

Furaha ile haikumaliza majira mawili ya mvua. Asubuhi za baridi injini ilikataa kuwaka. Ikiwaka ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Fundi wa kwanza akabadili buji. Wa pili akasafisha mirija. Wa tatu akabadili tena buji zile zilizobadilishwa na wa kwanza. Kila mmoja alipokea fedha yake, na kila mara motokaa ilikwenda vema siku nne au tano, halafu ikarudia ugonjwa wake. Mwaka ule karo ya watoto wawili ilichelewa.

Ndipo nilipoonyeshwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo pembeni mwa mji. Yeye hakushika spana kwanza. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akanipa na mimi nikinuse. Kilinuka petroli. Kisha akaonyesha maandishi juu ya kifuniko cha injini: D-4.

«Mwalimu, umeyasoma haya?»

«Nimeyaona, Mzee. Nilidhani ni jina tu.»

«Ni habari ya tumbo lake,» akasema. Akaketi juu ya gurudumu bovu, akanifundisha kama mimi nifundishavyo watoto.

Katika injini ya kawaida, petroli hunyunyizwa kwenye njia ya hewa. Huko huchanganyika na hewa, na vyote viwili huingia pamoja katika silinda. Katika injini hii, petroli hunyunyizwa ndani ya silinda yenyewe. Na kwa kuwa mle ndani hewa imeshindiliwa kwa nguvu, petroli haiwezi kuingia isiposukumwa sana. Kwa hiyo imewekwa pampu ya pili, ambayo msukumo wake wapita ule wa kawaida zaidi ya mara 20. Toyota walianza kuuza injini ya namna hii kwao Japani mwaka 1996, ili motokaa itumie petroli kidogo. Pampu ile ni kazi ya ufundi mkubwa, vyuma vyake vimesuguana karibu karibu kabisa. Kinachovilainisha ni petroli yenyewe. Petroli ikiwa na maji au mchanga, vyuma vinakwaruzika. Vikikwaruzika, petroli yavuja na kushuka katika oili. Na oili ikiwa nyepesi kama maji, haiwezi tena kuilinda injini. Tena, kwa kuwa petroli haipiti katika njia ya hewa, haioshi vali zake, na masizi hujazana humo kama katika dohani ya jiko.

Nikakumbuka petroli niliyokuwa nikinunua. Mara nyingi nilinunua kwa wale vijana wa kando ya njia tuwaitao kadhafi, wauzao kwa chupa na bidoni. Siwasemi vibaya, wengi ni watu wanaotafuta chakula, na mara nyingi kituo cha petroli kiko mbali. Lakini bidoni ile ile iliyobeba petroli leo, jana ilibeba kitu gani?

«Basi, Mzee, hiyo pampu haitengenezeki?»

«Mpya sijaiona Butembo. Ya mtumba sijui imebakiza siku ngapi. Hata hiyo iliyomo, chombo cha kuipimia sina. Mikono ninayo, Mwalimu, nimekosa chombo. Wenzangu waliokutangulia nao hawana, ila wao hawakukuambia.»

Niliondoka na huzuni, lakini nilimshukuru. Fundi yule alikuwa wa kwanza kuniambia neno «sijui», naye hakunitoza hata faranga.

Hata hivyo sikumsikia. Nikaendelea kuiendesha, nikisema Mungu atasaidia. Siku moja ya Novemba tulikuwa tukitoka Beni, mimi na mke wangu na mtoto wetu wa mwisho. Tulipofika mpando wa Kabasha, mahali barabara inapopanda mlima kwa makona mengi, injini ikatetemeka, nguvu zikaisha, tukasimama. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Malori yalipita na kuturushia matope. Ninyi mwajua jinsi watu wa upande wa Beni walivyolia tangu mwaka 2014. Hakuna kwetu atakaye kukutwa njiani na giza. Jua lilikuwa limekaribia kuzama wakati dereva mmoja wa lori la mbao alipotuhurumia, akatupakia. Motokaa tukaiacha kwa mwenye nyumba mmoja wa pale. Njia yote mke wangu hakusema neno. Tulipofika nyumbani akasema, «Papa, iuzwe ama itengenezwe. Mimi watoto sitawapandisha humo tena.»

Nikaamua kuiuza. Na hapa ndipo jaribu lilipokuja.

Komisioneri mmoja, ndivyo tumwitavyo dalali, alinipatia mnunuzi, kijana wa Beni aliyetaka kufanya kazi ya teksi. Akanipa na shauri: «Mwaga oili ya zamani, tia mpya iliyo nzito. Siku atakayokuja, washa injini saa nzima mbele yake, ipate moto. Ikiwa na moto haitetemeki. Wewe usiseme kitu, naye hataona kitu.»

Nilifanya hivyo. Naandika kwa haya, lakini nilifanya. Mwenyewe nilitia oili mpya, mwenyewe niliwasha injini alfajiri. Nikajiambia: sitasema uongo, nitanyamaza tu, yeye ni mtu mzima, ana macho, aangalie. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikuwa nakitembeza kibaya kwa kukaa kimya. Na juma lile lile nilikuwa nimewafundisha watoto wa Komunyo ya kwanza amri ya saba na ya nane!

Kijana akaja, akaizunguka motokaa, akapiga magurudumu teke kama wanunuzi wote wafanyavyo. Kisha akataka kuijaribu. Yeye akashika usukani kuume, mimi nikaketi kushoto. Tulishika njia ya Beni, injini ikiimba vizuri kuliko siku zote. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga likienda polepole. Kijana akasogea nyuma yake, akaniuliza bila hata kugeuza uso:

«Mwalimu, njia ni nyeupe?»

Nikatazama. Pikipiki mbili zilikuwa zikija. Nikasema, «Ngoja.» Naye akangoja. Hakuwa na macho mengine ila yangu, na neno langu lilimtosha. Hapo moyo wangu ukanichoma. Jinsi gani mtu ataniamini kwa uhai wake, nami nimpokonye fedha zake?

Nikamwambia, «Simamisha pembeni.» Akasimamisha. Nikamweleza yote: pampu, oili, masizi, Kabasha, na jinsi nilivyoipasha moto injini asubuhi ile. Alinyamaza kitambo kirefu, akanipa ufunguo. «Fedha hizi,» akasema, «ni kakao ya mama yangu ya miaka miwili.» Akashuka, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Komisioneri alikasirika sana, akaniambia kwamba mtu kama mimi asifanye biashara. Nilipomsimulia mke wangu, alisema, «Umefanya vema, Papa.» Kisha akaongeza, «Lakini karo bado.»

Kweli, karo ilikuwa bado. Msidhani kwamba ukweli ulileta fedha siku ile. Kwa miezi minne motokaa ilikaa uani, kuku wakalala chini yake. Mwisho yule mzee fundi aliniletea habari: Carina iliyogongwa ilikuwa ikiuzwa vipande vipande, na injini yake ilikuwa nzima. Ni 3S-FE, ndugu mkubwa wa injini yangu, wa ukoo mmoja nayo, ila petroli yake hunyunyizwa kwa namna ya zamani na haina pampu ile ya pili. Tuliuza mbuzi wawili. Mke wangu alipokea zamu yake katika kikundi cha akina mama cha kuwekeana fedha. Na Mzee akakubali kulipwa kidogo kidogo. Kazi ilichukua majuma matatu, maana haitoshi kubadili injini. Lazima kubadili na nyaya zake na kile kisanduku cha umeme kinachoiongoza.

Sasa yatumia petroli zaidi kuliko zamani. Taa moja ya manjano mbele ya dereva haizimiki, wala hatujui kwa nini. Katika mpando wa Kabasha twafuata malori kwa uvumilivu. Lakini ikiharibika, fundi yeyote wa njiani aweza kuifungua. Mke wangu amekubali kupanda tena, na watoto pia.

Kwa ninyi mnaotaka kununua motokaa ya zamani, nawashauri mambo matatu. Nendeni kuiona asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkiikuta ina moto, ulizeni kwa nini. Chomoeni kijiti cha oili mkinuse. Tena someni maandishi juu ya injini, mkamwulize fundi asiyeona haya kusema «sijui».

Baada ya Pasaka, mwaka uliofuata, nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa kijana yule wa Beni. Nikadhani amesikia habari ya injini mpya, nikaanza kumwambia kwamba siiuzi tena. Akacheka. Alikuwa amepata motokaa nyingine hapa Butembo, na mwenye nayo alikuwa akimngoja.

«Nimekuja kukuchukua, Mwalimu,» akasema. «Twende ukaketi kushoto.»

Nikavaa koti, tukaenda.