Kilo, Shilingi na Madai ya Aina

Nilipoanza kuwaandikia wanunuzi wa mahindi wa Kitale programu za risiti, lugha ya Go haikuwa na jeneriki, yaani fanksheni yenye kigezo cha aina kinachojazwa inapoitwa. Fanksheni moja ya kuandika kiasi ilitakiwa ipokee uzito na pia bei, kwa hiyo tuliipa intafesi tupu, inayomeza chochote, kisha ndani tukadai aina: hii ni desimali, ile ni namba kamili. Dai likikosea, programu huanguka papo hapo, isipokuwa umeomba na jibu la pili, la ndiyo au la. Ndiyo maana majaribio yalikuwa marefu kuliko programu yenyewe. Tulipitisha maneno penye namba, hata utupu mtupu, tuone kama kila dai linajua kukataa bila kuzua balaa mbele ya mkulima.

Machi 2022 likatoka toleo la 1.18, na jeneriki ndani yake. Nilikuwa nimehamia Bungoma. Sasa kompaila yenyewe ilikataa maneno kabla programu haijaendeshwa, nasi tukaanza kufuta majaribio. Mzee wa kazi aliyebaki Kitale akanipigia simu: "Ndugu yangu, futa, lakini kwanza pitisha Kilo yenyewe."

Tulikuwa tumeunda aina mbili: Kilo, ambayo ndani ni desimali, na Shilingi, ambayo ndani ni namba kamili, ili uzito wa gunia la kilo 90 usije ukajumlishwa na bei yake. Sharti la fanksheni lilikuwa na alama ya wimbi (~), inayokubali kila aina ambayo ndani ni desimali au namba kamili, kwa hiyo lilizipokea zote mbili. Lakini ndani bado tulidai aina, na Go hairuhusu kufanya hivyo moja kwa moja juu ya kigezo cha aina. Lazima thamani igeuzwe kwanza kuwa intafesi, na hapo linaloulizwa ni jina halisi la aina. Ukiuliza kama Kilo ni desimali, jibu ni la. Jaribio la 90.5 tupu lilipita vizuri; la Kilo liliangukia tawi la mwisho, na nafasi ya uzito ikabaki wazi.

Majaribio ya siku hizi ni machache, ila kila aina tuliyoiunda wenyewe ina lake. Na panapowezekana dai tumeliondoa kabisa: Kilo na Shilingi kila moja hubeba fanksheni yake ya kujiandika kwenye risiti, na aina mpya isiyo nayo kompaila huikataa.