Rehani ya Kituntu



Mwezi wa Julai uliopita nalikwenda Kituntu, katika Wilaya ya Karagwe, kumzuru rafiki niliyesoma naye chuoni utotoni. Kutoka Bukoba tulifika Kyaka, tukaiacha njia iendayo Mutukula, tukapanda vilima vya Karagwe. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha zamani. Majani ya vilimani yamekauka, na vumbi limeifunika migomba na mibuni kandokando ya njia. Usiku huko ni baridi, lakini jua la adhuhuri katika kiangazi ni kali, na mahali pengi maji yako bondeni, hata ndoo moja ni safari.

Nyuma ya nyumba ya rafiki yangu, karibu na mahali pa kutawadhia, nikaona mirehani mitatu mibichi kabisa. Mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi, akachuma kitawi akanipa kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo Mwalimu, karibu."

Nami kwa uchovu na vumbi la njiani nikamwambia, "Marahaba. Acha tu, mwanangu. Maji haya yangalifaa maharagwe." Akainamisha kichwa, akaondoka na kitawi chake.

Mwenyeji wangu hakusema neno. Aliniletea birika nitawadhe, kisha akanionyesha kijifereji kilichochimbwa chini ya jiwe nililokanyaga. Maji yote yaliyodondoka mikononi na miguuni mwangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mashina ya mirehani. Haikutekwa hata kata moja kwa ajili yake.

Ndugu zangu, naliona haya. Kwa miaka mingi nimewasomesha watoto Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya kuwa anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuichukua, nayo yanukia vizuri. Nalikuwa nayo ulimini, na siku ya kuitenda ilipofika, nikaipita.

Nikamwita mtoto, nikamtaka radhi, nikakipokea kitawi. Nalipolisugua jani moja kati ya vidole, uchovu wa safari ukapungua. Alasiri, mama wa nyumba akatia majani machache katika chai ya rangi, tukanywa kivulini.

Yule mtoto akanifundisha ukulima wake. Huchuma asubuhi, kabla jua halijapanda. Vichwa vya maua huvikata kila vichomozapo, kwa sababu mrehani ukiachwa kuzaa mbegu, majani yake hupungua. Lakini mmoja huuacha uchanue, upate kuwafaa nyuki, na yeye apate mbegu za kupanda tena.

Wenye nyumba na wapande, basi. Asiyekuwa na rehani ana jamaa yake, kivumbasi, ambacho watu hukitumia kufukuza mbu. Na Waganda, jirani zetu, wana mujaja wa kutia katika chai. Huko Unguja na Lamu, akina mama huifunga rehani pamoja na asumini katika kikuba. Na jina lenyewe limo katika Qur'ani Tukufu: katika Surat Ar-Rahman, miongoni mwa neema za ardhi hii, na katika Surat Al-Waqi'a, miongoni mwa malipo ya waliokurubishwa kwa Mola wao.

Kiswahili chetu kina rehani mbili. Moja yatoka katika neno la Kiarabu "rayhan", nayo ni hii ya bustanini. Ya pili yatoka katika "rahn", nayo ni mali iwekwayo kwa mwenye kukopesha mpaka deni lilipwe. Ile ya pili ni nzito, na wengi imewanyima usingizi. Hii ya kwanza haimdai mtu kitu, ila anyooshe mkono na kushukuru.

Basi mtoto akikuletea, ipokee. Ukikataa, si jani peke yake unalolirudisha.

Wabillahi tawfiq.