Sehemu ya 7: Mume wangu alitaka sura, mimi nilitaka soketi

Nimetoka zamu ya usiku, Imani kashaenda shule, mdogo wake kashapelekwa kwa mlezi, nimekunywa chai ya tangawizi na usingizi umekataa. Basi ngoja niwalipe deni. Wiki iliyopita nilisema nitawasimulia ile kesi ya pikapu ya umeme, na tangu siku ile wengi mmeniuliza: dada, mume anataka ile yenye sura kali, mimi naona tuangalie teknolojia, nani yuko sahihi? Mimi ni nesi, si fundi magari. Nitasema yaliyotupata sisi.

Kwa wageni: tunaishi Houston, Texas, mwaka wa tisa sasa. Baba Imani anafunga na kutengeneza viyoyozi, kwa hiyo pikapu kwake si pambo, ni ofisi. Imani ana miaka sita na ana pumu. Mdogo wake Baraka anakimbilia miaka miwili.

Mapenzi ya Baba Imani yalianza Novemba 2019, usiku ule Tesla walipoionyesha Cybertruck kule California. Mnaikumbuka? Gari la chuma kitupu, halina rangi, limekatwa pembe pembe kama mtoto kachora kwa rula. Wakalirushia mpira wa chuma kwenye kioo walichosema ni kigumu, kioo kikapasuka mbele ya dunia nzima. Mimi nilicheka hadi Imani, aliyekuwa ananyonya, akaachia ziwa. Baba Imani hakucheka. Aliniambia, "Mama Imani, hilo ndilo gari." Kabla sijalala alikuwa keshalipa dola 100 za kuweka oda.

Na niwe mkweli, sikumlaumu sana. Mtu anayeshinda kwenye mapaa ya watu kwenye jua la Texas ana haki ya kutamani kitu. Hata ile sura ina sababu yake. Elon Musk mwenyewe alieleza kwamba chuma kile ni kigumu mno kukandamizwa kwenye mashine za kawaida za kukunja bati, ndiyo maana kila upande umenyooka. Kilichotushinda ni bei. Mwaka 2019 ilitangazwa kuanzia dola 39,900. Magari yalipoanza kukabidhiwa wenyewe, mwisho wa Novemba 2023, ya chini kabisa ilikuwa dola 60,990 na yenyewe ilikuwa bado haijatoka, iliyofuata, 79,990. Mimi nikiwa na mimba ya Baraka, nikamwambia baba, tutaonana na hilo gari mbinguni.

Sasa tuje kwenye Beryl.

Tarehe 8 Julai 2024, alfajiri, kimbunga kiliingia nchi kavu kusini magharibi yetu. Kilikuwa cha daraja la kwanza tu, watu tulikidharau. Kufika mchana zaidi ya wateja milioni mbili wa umeme eneo la Houston walikuwa gizani, nasi tumo. Joto la Julai hapa mnalijua au mmelisikia. Nyumba ilikuwa kama chungu kimefunikwa.

Baraka alikuwa na miezi mitano. Nilikuwa nimesharudi kazini, kwa hiyo friza ilijaa mifuko ya maziwa niliyokamua usiku kwenye mapumziko, mwingine nimeukamua huku nasinzia. Akina mama mnaokamua mnajua kila mfuko una hadithi yake. Friza iliyojaa, ukiifunga usiifungue, inashika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Nilibandika karatasi mlangoni: ASIFUNGUE MTU. Baba Imani akaisoma akafungua kutafuta maji. Jamani.

Usiku wa pili Imani akaanza kukohoa. Ile kavu, ya kifua kubana. Nilikuwa na inhela na ile chupa yake ya kuvutia, na ninawaambia daima, ikitumika vizuri inafanya kazi sawa na mashine. Lakini mtoto alikuwa amechoka, amelia, anasukuma mkono wangu, na kihesabu cha inhela kinaonyesha michomo tisa imebaki. Maduka ya dawa ya karibu yamefungwa. Nebulaiza iko mezani, dawa yake ipo, na soketi ukutani imekufa. Mimi, nesi wa miaka kumi na mmoja, nimesimama na plagi mkononi.

Kulikuwa na jenereta mtaani, ndiyo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wameiwasha ndani ya gereji, mlango wameuinua kidogo tu ili isiibwe. Niliposikia mngurumo nilienda na kandambili, nikagonga, nikakuta mama wa mle analalamika kichwa kinamwuma na mtoto katapika. Niliwatoa wote nje kwanza, maneno baadaye, tukapiga namba ya dharura. Hewa ile ya moshi wa injini haina harufu wala rangi, na dalili zake zinafanana na uchovu wa joto. Jenereta ikae nje, mbali na nyumba angalau futi 20, siyo gereji, siyo barazani. Na jiko la mkaa, tafadhali, tafadhali, lisiingie ndani. Februari 2021, baridi ilipotukatia umeme hapa Texas, hospitali za hapa zilipokea mamia ya watu waliovuta hewa hiyo, na miongoni mwao walikuwamo familia za wahamiaji waliokuwa wanatafuta joto tu.

Narudi kwa Imani. Jirani wa mkono wa kushoto ni mzee wa Kimeksiko, mtu wa salamu na embe. Ana pikapu ya Ford, ile F-150 Lightning, na Baba Imani alikuwa akiisema kila siku: eti gari la umeme gani hili, ukiliona ni Ford ya kawaida, halina hata cha kutazama. Usiku ule mzee alitukuta nje na mtoto begani. Hakuuliza mengi. Akachukua waya mrefu wa rangi ya machungwa, akachomeka nyuma kwenye bodi ya pikapu yake, akauvuta juu ya majani hadi dirishani kwetu.

Nebulaiza ikaanza kuunguruma. Baada ya dakika kumi Imani alikuwa anapumua bila mabega kupanda. Kisha tukachomeka friza.

Kilichonishangaza ni ukimya. Hakuna kelele, hakuna moshi, gari limekaa tu kama ng'ombe aliyelala. Baadaye nilijifunza kwamba ile yenye betri ndogo kwa kawaida hubeba kilowati-saa 98, na friji ya kawaida hula moja au mbili kwa siku. Yaani gari lile lingelisha friji yangu siku nyingi. Tulikaa kwenye waya wa mzee siku nne. Sikumwaga mfuko hata mmoja wa maziwa.

Basi nikawa mhubiri wa soketi. Mtu akitaja sura ya gari ninamkatiza. Nilimwambia Baba Imani, nunua hata likifanana na kabati, mradi lina umeme wa kutoa. Naye, kwa haki yake, akanijibu kwamba Cybertruck nayo inatoa umeme, na ni kweli, ina soketi na inaweza kuendesha nyumba. Lakini Machi 2025 ilipotangazwa kwamba zaidi ya 46,000 zinarudishwa kwa sababu ubao wa chuma kando ya paa, uliobandikwa kwa gundi, ungeweza kubanduka njiani, nilimtumia habari ile akiwa kazini na sikuandika neno. Alinijibu kwa alama ya nukta moja.

Nilidhani nimeshinda kesi. Aprili tukaenda kutazama Lightning iliyotumika. Bei tunaiweza, maili si nyingi, soketi tele, na mbele chini ya boneti, pasipo injini, kuna sanduku kubwa linaloingia kigari cha mtoto na ununuzi wa wiki. Nikapanda kiti cha dereva kama malkia. Muuzaji akawa anaongea na Baba Imani kuhusu betri.

Nikauliza, "Imani yuko wapi?"

"Mbele yako hapo," Baba Imani akasema.

Nilitazama. Hakuna mtu. Naona boneti, naona ukuta wa pili wa yadi. Nikasimama nusu, bado. Nikamwambia, "Imani, rudi nyuma mama, hatua moja moja." Kwenye hatua ya nane ndipo nikaona utepe wa nywele.

Nilishuka. Miguu haikuwa na nguvu.

Hapo ndipo nikagundua kwamba mimi na mume wangu tulikuwa tunagombana kuhusu sura mbaya. Yeye alikuwa na sura ambayo wengine watakuona nayo. Mimi nilikuwa nimeitupa sura yote, kumbe ndani yake kuna umbo, na umbo ndilo linaloamua wewe unaona nini ukiwa ndani, na gari likigonga, linagonga wapi. Taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilichapisha Novemba 2023 uchunguzi wa ajali karibu 18,000 za watembea kwa miguu: magari yenye boneti ya juu kuliko inchi 40 yana uwezekano wa kuua zaidi kwa takribani asilimia 45, yakilinganishwa na yenye boneti ya inchi 30 au chini yake na uso unaolala. Sasa chukua kadi ya kliniki. Inchi 40 ni kama sentimita 102. Huo ni urefu wa mtoto wa miaka minne.

Na pikapu kubwa karibu zote ziko hivyo, ziwe za mafuta au za umeme. Injini imeondoka, uso mrefu umebaki, kwa sababu wanunuzi wanaupenda. Hii ndiyo inayoniudhi hadi leo.

Kwa hiyo mkienda kutazama gari, nendeni na watoto. Msimamishe mbele, kando, nyuma, wewe ukae kwenye usukani. Jaribuni kufunga viti vya watoto mkiwa palepale, siyo nyumbani. Na muulizeni muuzaji awaonyeshe milango ya nyuma inafunguliwaje umeme wa mlango ukifa. Magari mengi mapya yanafunguka kwa kitufe, na kile kishikio cha mkono cha dharura kwa abiria wa nyuma, kwenye baadhi ya magari, kimefichwa chini ya mkeka ndani ya mfuko wa mlango. Mimi nilimwuliza, akatafuta dakika mbili.

Habari ya maili sitaikawiza: ukivuta tela zito, maili zinaweza kushuka hadi karibu nusu. Baba Imani ana tela. Amezoea kupanga safari, ananung'unika, maisha yanaendelea.

Tuliinunua? Tuliinunua, Mei. Si ile ya kwanza, tulitafuta yenye kamera za pande zote, tukaongeza dola ambazo zilikuwa za nauli ya kwenda Moshi Krismasi, na mama yangu bado hajanisamehe. Kamera inasaidia, lakini kamera haioni kama hujaitazama. Kwa hiyo gereji yetu ina mkono wa rangi ya kijani ukutani, tumeuchora na Imani. Gari likitaka kuwashwa, Imani anaweka mkono wake pale na anamshika Baraka. Baba Imani lazima awataje wote wawili kwa majina kwa sauti. Asipotaja, gari haliondoki. Mara mbili amechelewa kazini kwa sababu Baraka alikuwa ameukimbia ukuta.

Jumapili tukirudi kanisani Cybertruck ikitupita, ananyamaza mpaka ipotee. Namwacha.

Msimu wa vimbunga unaisha tarehe 30 Novemba. Waya wa machungwa, wa kwetu sasa, umening'inia kwenye msumari karibu na ule mkono wa kijani. Sehemu ya 8 nitaandika jinsi ya kupanga maziwa kwenye friza kabla umeme haujakatika, kwa tarehe, ya zamani mbele. Ngoja nijaribu kulala.