Kabla Hujavaa Sare

Malindi

Mwanangu Bakari,

Mamako amenisomea ujumbe wako kwamba umeajiriwa askari wa kaunti na utapangiwa hapa mjini. Hongera sana, mshahara wa mwezi si wa kubezwa siku hizi. Ila umemwambia pia kwamba mtaanza na mateja wanaolala barazani mwa maduka, na wiki haitaisha kabla mji haujasafika. Kwa hilo nimeona nikuandikie, maana nauza chai na mahamri karibu na hospitali, na watu hao nawaona kila asubuhi.

Tatizo hili ni kubwa kukushinda umri. Unga, yaani heroini, wa kwanza tuliouona ulikuwa wa rangi ya kahawia, watu wakiuvuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, usiovutika vizuri lakini unaoyeyuka upesi kwenye maji. Hapo ndipo sindano ilipoingia, na nyuma ya sindano Ukimwi na homa ya ini. Wakati huo shirika la Omari Project lilikuwa limeshaanza kuwahudumia waraibu hapa hapa Malindi. Kwa hiyo mji huu haujakaa mikono mitupu ukiwangoja ninyi.

Kubana nako kumeshajaribiwa. Kuanzia Desemba 2010 hadi miezi ya mwanzo ya 2011 wauzaji walisakwa, unga ukaadimika Pwani. Waliouzoea wakashikwa na arosto kwa wakati mmoja: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupaa. Wengine wakameza vidonge vyovyote walivyovipata. Methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, wakati huo haikuwepo hospitalini. Unga uliporudi, nao wakaurudia.

Methadoni ilifika hospitali yetu mwaka 2015. Ukitaka kuielewa, njoo usimame nami asubuhi moja. Mgonjwa kwa kawaida huja kwa miguu yake kila siku, hata Jumapili, hata Idi. Jina lake linatazamwa, dawa inapimwa na kumiminwa kwenye kikombe kidogo, anaimeza mbele ya mhudumu, anashushia maji, kisha anasemeshwa ili ajibu, ijulikane hakuificha mdomoni. Inamtuliza mpaka kesho yake, basi. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi tena kipimo chake cha zamani, kwa sababu mwili umeshakisahau na kinaweza kumuua. Anaanzishwa chini upya, arosto inamrudia, na kete ya unga iko karibu kuliko hospitali.

Haya, uje msako wenu. Mtu anachukuliwa saa tisa za usiku kwa uzururaji, kosa tuliloachiwa na mkoloni. Foleni inapopangwa asubuhi yeye yuko selo. Wenzake walioponyoka wamejificha vichakani au wamekimbilia Watamu, na nauli ya kurudi hawana. Mkono mmoja wa serikali unamwambia aonekane mahali pamoja kila siku; mkono wa pili unahakikisha haonekani. Yuko kijana aliyekuwa akinywa dawa yake, kisha anakwenda stendi kubeba mizigo, na chai yangu akilipa bila kudaiwa. Baada ya msako mmoja nilimkosa. Alipotokea tena alikuwa amekonda, hana viatu, na mkono umevimba pale anapojidunga.

Sikwambii wenye maduka hawana haki. Mimi mwenyewe huzoa sindano mtaroni kabla sijawasha jiko, na mifereji ya maji mtaani kwetu imeng'olewa ikauzwa vyuma chakavu. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 kwamba itagawa sindano safi, mashehe na wachungaji wengi wa Pwani walipinga, wakihofia ni kuwachochea vijana. Hofu yao naielewa. Lakini mpango kama huo ukiendeshwa vizuri hukusanya pia sindano zilizotumika, nazo ndizo ninazoziogopa mimi. Msako hauokoti sindano. Unazihamishia mtaro wa pili.

Na usidhani wote ni wageni wasio na kwao. Wengi kwao ni Shella, Maweni, Barani, mwendo wa dakika chache tu kutoka wanapolala. Walifukuzwa kwa sababu waliuza sufuria za mama na redio ya baba, na mwenye nyumba akachoka. Methadoni haimpi mtu pa kulala. Anayelala nje ndiye mnayemkuta kwanza, basi ndiye anayekosa dozi kwanza.

Nakuomba mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wa askari mgeni. Usimkamate mtu njiani kwenda hospitali asubuhi. Ukimkuta amelala barazani, muulize kama yuko kwenye methadoni, na kama lazima mmshike, ijulishe hospitali mapema. La tatu, fanya urafiki na waelimishaji rika wanaowahudumia waraibu. Wengine wao waliwahi kulala kwenye baraza hizo hizo, na wanajua ni mama yupi amelainika kiasi cha kumpokea mwanawe. Kumwondoa mtu barazani kwa kumrudisha kwao kunachukua muda mrefu kuliko lori, lakini usiku wa pili hutamkuta pale pale.

Mkuu wako atataka hesabu ya waliokamatwa. Mpe, ndiyo kazi. Siku ukipata nafasi ya kusema, mwambie aulize hospitali hesabu ya waliokosa dozi wiki hiyo hiyo. Wanayo, kwa sababu kila jina huandikwa kila siku. Aziweke hesabu hizo mbili pamoja mezani, kisha aamue kama msako umefaa.

Mungu akulinde kazini.

Wasalaam,
Shangazi yako