Skana ya Zamani, Daftari la Reli

Kalamu ya risasi ina kero moja: maandishi yake yanang'aa. Ukiyapiga picha kwa simu, hasa kwa flashi, nusu ya mstari inabaki mng'aro mtupu. Ndiyo maana mimi, mwandishi wa habari mwenye simu nzuri tu, nilijikuta nikihangaika na skana ya zamani sebuleni kwa mzee mmoja wa Makanyagio, hapa Mpanda.

Mzee huyu alifanya kazi kwenye reli ya Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, iliyojengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikaendelea kubeba watu na mazao, naye akawa anaandika kwenye daftari: saa treni ilipoingia, mvua iliyokata njia, nani kazaliwa, nani kazikwa. Sasa macho yamefifia, na maandishi nayo yanafifia. Wajukuu wako Dar na Mwanza, wanataka kuyasoma. Sharti lake lilikuwa moja: "Mwanangu, daftari halitoki humu ndani."

Skana yenyewe, Canon N340P, ilikuwa imelala stoo ya duka la steshenari. Mwenye duka alinipa bure. Inachomekwa kwenye ule mlango wa pini 25 tuliokuwa tukiunganishia printa kabla ya USB. Laptopu yangu haina mlango huo. Adapta za USB za bei rahisi nazo hazisaidii: zimetengenezwa kwa ajili ya printa, wakati skana inataka kuongea na mlango wenyewe moja kwa moja. Basi nikaazima kompyuta ya mezani ya kizamani, nikaweka Linux, nikaipakia kwenye bajaji.

Mara ya kwanza, kimya. Nikaandika amri ya scanimage -L, jibu likaja kwamba hakuna skana. Nikaanza na BIOS, nikauweka mlango katika hali ya EPP, inayopitisha data kwa kasi pande zote mbili. Bado. Kumbe Linux ilikuwa imeshaukabidhi mlango kwa dereva wa printa, lp. Nikamwondoa, nikapakia ppdev. Bado. Mwisho nikafungua faili la dll.conf la SANE, programu huria ya skana. Mstari wa canon_pp ulikuwa na alama ya reli mbele yake, yaani programu iuruke. Nikaifuta, huku nikimweleza mzee.

"Kumbe reli ndiyo imeziba njia!" akacheka.

Taa ikaanza kusogea.

Ukurasa mmoja ulichukua dakika kadhaa. Simu ingemaliza daftari zima kabla chai haijapoa. Lakini katika dakika hizo nilikuwa namsomea ukurasa unaofuata, naye akinitajia majina yasiyosomeka tena, kisha anasema, "Haya, weka." Tulikwenda hivyo siku 2.

Siku ya pili nikafika ukurasa ulioanza na jina la mtoto, na baada yake neno "homa". Mzee akanyoosha mkono.

"Huo ruka."

Nikaruka. Katika kazi yetu picha hupigwa kwanza, ruhusa huombwa baadaye, au haiombwi kabisa. Ile mashine nzito, iliyonilazimu kufungua faili baada ya faili, ilimpa mzee kitu ambacho simu yangu isingempa: muda wa kuamua, ukurasa kwa ukurasa, kipi kiwe cha wote na kipi kibaki chake.

Daftari lina kurasa 62 zenye maandishi. Wajukuu nimewatumia 61. Mmoja ameshapiga simu kuuliza mbona kuna tarehe zimeruka. Nimemwambia apande treni, aje amuulize babu yake.