Mseto wa Siku 321

Mji wa Songea una kumbukumbu mbili za wakubwa wake. Ya kwanza ni ya wale wakuu wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Ya pili ni ya Rashidi Mfaume Kawawa, mwana wa mwindaji wa tembo, ambaye nyumba yake ya Bombambili imefanywa makumbusho. Wale hutajwa kwa majonzi, huyu hutajwa kwa fahari. Huitwa Simba wa Vita, na sifa yake inayopendwa kuliko zote ni uaminifu: kwamba katika miaka yote ya utumishi wake hakumpa kisogo Mwalimu Julius Nyerere.

Sifa hiyo ni ya haki, lakini imemdhulumu mwenyewe kwa jambo moja. Kwa sababu yake, mwaka 1962, ambao Kawawa ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali ya Tanganyika, husimuliwa kama kwamba haukuwa mwaka wake. Husemwa tu kuwa alimshikia Mwalimu kiti. Mtu aliyeshika kiti cha mwenziwe haulizwi alifanya nini alipokuwa amekikalia. Huulizwa kama alikirudisha. Kawawa alikirudisha, na hesabu ikafungwa hapo. Hesabu hii yafaa kufunguliwa tena.

Serikali hiyo ilizaliwa tarehe 22 Januari 1962. Uhuru ulikuwa na umri wa wiki sita tu wakati Mwalimu alipojiuzulu uwaziri mkuu ili aende kukitengeneza chama cha TANU, ambacho kilikuwa kimepata uhuru na sasa hakikujua kifanye nini baada yake. Ilikoma tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Baina ya tarehe hizo mbili zipo siku 321.

Mwezi mmoja baada ya Kawawa kushika madaraka, tarehe 21 Februari 1962, Amintore Fanfani aliunda mjini Roma serikali ya mseto iliyoelekea mrengo wa kushoto. Chama chake cha Wakristo wa Kidemokrasia kilishirikiana na vyama viwili vidogo, na Wasoshalisti wakakaa nje ya mlango, hawakuingia wala hawakuipinga. Serikali ile haikutimiza mwaka mmoja na nusu, lakini iliyafanya mashirika ya umeme kuwa mali ya taifa, na kuweka shule moja ya kati kwa watoto wote wa nchi. Waitaliano wamezoea serikali za maisha mafupi, kwa hiyo hawaidharau serikali kwa ufupi wake. Huuliza iliacha sheria gani.

Msomaji aweza kudai kuwa mfano huu haulingani, maana Roma kulikuwa na vyama vingi, na Dar es Salaam kilikuwako kimoja. Ni kweli kuwa katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Walakini na atazame ni nani waliokuwa wameketi katika baraza la mawaziri la Kawawa. Fedha zilishikwa na Paul Bomani, mtu wa ushirika wa pamba wa Usukuma, aliyepokea kazi kwa Mwingereza, Sir Ernest Vasey. Biashara ilikuwa kwa George Kahama, mtu wa ushirika wa kahawa wa Bukoba. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alishika mambo ya sheria. Oscar Kambona, mwalimu wa shule, alitoka Elimu akaingia Mambo ya Ndani. Derek Bryceson, mkulima wa Kizungu, alishika Kilimo. Amir Jamal, wa jamii ya Kihindi, Mawasiliano na Ujenzi. Na Michael Kamaliza alitolewa katika uongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi akakabidhiwa wizara yenye kazi ndani yake. Wenye ushirika, wafanyakazi, machifu, waalimu, Wazungu na Wahindi: hapana neno jingine la kuitaja jamii ya namna hii ila mseto. Tofauti yake na mseto wa Roma ni moja, nayo ni kubwa. Kule mbia aliyeudhika aliweza kuondoka na serikali ikaanguka. Huku mbia aliyeudhika hakuwa na mlango wa kutokea.

Yaliyowapata wafanyakazi yaonyesha jambo hili kuliko yote, na hapa historia ya Songea yenyewe yahusika. Katika siku za Waingereza, nchi ya Ungoni ilikuwa ghala la watu. Vijana waliiacha mito na milima yao wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mbali na wake na wazee wao, kwa ujira usioweza kujenga nyumba. Kawawa hakuwa manamba. Alisoma Tabora, akawa karani na bwana maendeleo, hata akacheza katika sinema ya Muhogo Mchungu. (Si mawaziri wakuu wengi wa dunia waliotangulia kujulikana na watu kwa sinema.) Lakini alikitumikia chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilipoundwa mwaka 1955, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mgomo ulikuwa silaha aliyoijua uzito wake na makali yake. Kwa silaha hiyo, wafanyakazi waliusukuma mbele uhuru pamoja na TANU.

Mwaka 1962 mtu huyo huyo aliongoza serikali iliyoifunga silaha hiyo kabatini. Sheria zilizopitishwa mwaka ule ziliagiza kuwa ugomvi wa kazi upelekwe kwanza kwenye usuluhishi, kisha kwenye baraza ambalo uamuzi wake ni wa mwisho. Watumishi wa serikali wakawekewa utaratibu wao mbali. Na shirikisho likatiwa chini ya mkono wa waziri. Mgomo haukukatazwa kwa jina, ila njia ya kuufikia ilirefushwa mpaka karibu hapana aliyeweza kufika. Ni wajibu kusema pia kuwa mwaka ule ule ilipitishwa sheria ya kiinua mgongo kwa mfanyakazi aachishwaye kazi, na mpango wa kima cha chini cha mshahara ukatengenezwa. Serikali hiyo haikuwachukia wafanyakazi. Iliwapa kwa mkono mmoja riziki bora kidogo, na kwa mkono wa pili ikatwaa uwezo wao wa kujidaia wenyewe.

Watetezi wa Kawawa husema kuwa nchi maskini, yenye madaktari na wahandisi wa kuhesabika, isingeweza kustahimili reli na bandari kusimama kila mwezi. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa na wanaosoma habari hizi vitabuni, ambao hawakuwa na nchi ya kulisha. Tena yawezekana kuwa ni kiongozi wa wafanyakazi peke yake aliyeweza kuwaomba wafanyakazi sadaka kubwa kama ile na akasikizwa.

Machifu walikuwa mbia wa pili. Mwaka 1962 mabwana shauri wa Kiingereza walianza kuondoka, na mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa na wa wilaya waliotoka katika TANU. Tangu siku ile chifu alikuwa na mkubwa mpya aliyejua siasa kuliko yeye, na mwaka 1963 sheria ikafuta utawala wa machifu nchi nzima. Enzi za Nkosi wa Njelu na Nkosi wa Mshope, ambazo Wajerumani walizivunja kwa kitanzi na Waingereza wakaziunga kwa kalamu, zilikwisha kwa kalamu nyingine, pasipo damu. Chifu Fundikira mwenyewe aliacha uwaziri mwaka 1963.

Mpaka hapa mtu mwenye haki aweza kutia kila jambo katika mizani akaona pande zote mbili zina uzito. Ila ipo sheria moja isiyopimika hivyo. Mwaka ule bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumfunga mtu bila ya kumfikisha mbele ya hakimu. Adui gani aliyetisha hivyo? Katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962 Mwalimu alipata kura 1,127,978, na mshindani wake, Zuberi Mtemvu, 21,276. Serikali yenye karibu bunge zima na karibu kura zote ilijitengenezea kufuli kwa ajili ya wezi ambao hawakuonekana. Lakini kufuli lililokwisha tengenezwa halikosi mtu wa kulitumia, na sheria hii iliishi kupita wengi walioipigia kura. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliihesabu miongoni mwa sheria arobaini zilizostahili kuondolewa au kurekebishwa.

Washirika wa mseto ule walitawanyika kila mtu kwa njia yake. Shirikisho la wafanyakazi lilivunjwa mwaka 1964 na mahali pake pakawekwa NUTA, chini ya Kamaliza. Naye Kamaliza alikamatwa mwaka 1969 na kushitakiwa kwa uhaini. Kambona alikwenda kuishi uhamishoni London mwaka 1967. Jamal aliendelea na uwaziri miaka mingi. Kawawa alikuwa Makamu wa Rais siku ile ile Jamhuri ilipoanza, na cheo cha waziri mkuu kikafutwa. Kiliporudishwa Februari 1972, aliyepewa ni yeye, na safari hii hapana aliyesema kuwa anamshikia mtu kiti.