Uvimbe wa Popi

Mbwa wangu Popi aliota uvimbe sehemu za siri. Nalisema hili waziwazi kwa sababu hapa kwetu Mzinga nimeona mbwa wakifukuzwa na kuuawa kwa ugonjwa huu, wenyewe wakiona haya hata kuutaja.

Ulianza na matone ya damu barazani. Jike akiwa kwenye joto hutokwa damu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini joto hupita, na damu ile haikukoma. Popi akawa anajilamba usiku kucha. Nilipomwinua mkia nikaona kinyama chekundu kimechomoza, kina vichwavichwa kama koliflawa, ukikigusa tu kinavuja.

Majirani walisema mengi. Wapo waliosema ametupiwa kitu, wapo waliosema ni malipo ya zinaa, na mmoja, kwa huruma yake, akanishauri nimtilie sumu kwenye nyama apumzike. Mimi ni mjane. Tangu mwenzangu afariki, Popi ndiye anayelala mlangoni na kuwafukuza nguruwe pori kwenye mahindi. Sikuweza.

Bajaji hazikutaka kumbeba mbwa anayevuja damu. Mimi na kijana wangu tukamfunga kamba, tukatembea naye alfajiri hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo mama, pole na safari." Nikaitikia, kisha nikaanza kuzungukazunguka kwa maneno. Yeye akaitaja sehemu ile kwa jina lake bila kusita, na mzigo mkubwa ukanitoka kifuani. Alimfunga Popi mdomo kwa bendeji, akagusisha kioo kwenye uvimbe, akaenda kukipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Aliporudi alisema ni saratani. Miguu iliniisha nguvu.

"Lakini hii inapona, mama," akasema, na akakaa kunieleza. Saratani hii mbwa huambukizana wanapopandana, na mara nyingine kwa kulambana na kunusana. Hakuna kirusi. Kinachohama ni chembe zenyewe za uvimbe: zinatoka mwili huu na kuota mwili mwingine. Zote zilitokana na mbwa mmoja wa zamani sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria aliishi miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita, huko Asia. Haimwambukizi binadamu. Nilipolisikia hilo, maneno ya kutupiwa na ya zinaa yaliniondoka kabisa. Mnyama hana zinaa. Popi alikuwa mgonjwa, basi.

Dawa inaitwa vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Inatokana na lile ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba, asili yake Madagaska. Dawa hiyohiyo hutibu watoto wenye saratani ya damu. (Tafadhali msichemshe majani yake kujitibu. Ni sumu.) Ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama, ndiyo maana kijana wangu alimkumbatia Popi asitikisike hata kidogo. Kila wiki walimpima uzito na damu kwanza, kwani dawa hushusha chembe nyeupe. Nyumbani tulivaa glavu kusafisha mikojo na matapishi yake. Kuna wiki alikataa hata uji wa dagaa, nikakesha naye nikiomba Mungu. Kuku wangu waliisha kwa gharama, na sikujuta.

Uvimbe ulianza kunywea mapema, damu ikakatika, na mwisho pakabaki ngozi safi. Nililia mbele ya wanafunzi wa chuo. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wale vijana waliomshika mbwa wa mama wa Mzinga kwa heshima.

Alipopata nguvu nilimrudisha akafungwa kizazi, ili madume yasimfuate tena. Madume yenyewe bado yapo mtaani. Mawili yanadondosha damu, na hayana mwenyewe. Nimemweleza afisa mifugo wa kata. Amesema siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa tujaribu kuyakamata, na kamba nimeshanunua.